Chozi la Shavu la Kushoto

Filamu ilikuwa imebakiza kama robo saa iishe pale Pihla Vornanen alipojiona analia, na papo hapo akajua kwamba hakulia.

Alikuwa ameketi safu ya tano katika sinema ya mji wa kwao, Joensuu, Jumapili mchana, mwezi wa Machi. Kulia kwake alikaa mama yake, kushoto kwake Jarkko, mwanamume aliyempenda na ambaye ndiye aliyeihariri filamu hiyo. Kwenye pazia alikuwa yeye mwenyewe, uso mzima, mkubwa kama ukuta wa nyumba, akimnyoa ndevu baba anayekata roho. Wembe ulipita shingoni taratibu. Kisha jicho lake la kushoto likajaa, chozi likaning'inia kwenye kope, likadondoka, likateremka shavuni moja kwa moja hadi kidevuni.

Ukumbi mzima ukavuta kamasi.

Pihla alikuwa na kovu kwenye shavu hilo, kovu la kiatu cha kutelezea barafuni, tangu yupo darasa la pili. Kila chozi alilowahi kulitoa kwa jicho hilo lilikuwa likifika pale linapinda kuelekea sikioni. Hili lilipita juu ya kovu kana kwamba shavu limepigwa pasi.

Tena alikumbuka vizuri. Tukio lile walilirudia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alikataa kulia. "Nimeshika wembe," alimwambia mwongozaji. "Binti mwenye wembe kwenye shingo ya baba yake halii. Akilia atamkata. Atalia baadaye, akiosha beseni." Mwongozaji akamwelewa, akasema basi, tumepata. Pihla alirudi nyumbani siku hiyo akijiambia kwamba katika miaka kumi na miwili ya kuigiza, hiyo ndiyo kazi moja ambayo hangeionea haya.

Sasa alimgeukia Jarkko. Jarkko alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kabla hajafungua mdomo, mkono wa kulia ukashikwa. Ulikuwa mkono wa mama yake, mkavu, wenye pete ya ndoa iliyolegea.

"Mwanangu," Irja alinong'ona, na machozi yakimtiririka bila kizuizi. "Mwanangu, kumbe unao moyo."

Jamani, neno hilo Pihla alilingoja miaka miwili.

Nieleze kidogo, maana bila hili mtu hawezi kujua uzito wa ule mkono. Irja alitoka kwenye ukoo wa waombolezaji wa Karelia, wale wanawake walioitwa kwenye mazishi kumwimbia maiti njia yake. Bibi yake alikuwa mwombolezaji, na mama yake pia. Kwa Irja, mtoto asiyemlilia mzazi wake kaburini amemwacha aende peke yake kwenye baridi. Na siku ya kumzika baba yake, Pihla hakutoa chozi hata moja. Alisimama macho makavu kuanzia kanisani hadi kaburini, na watu wakamwona. Jioni ile Irja alimwambia, "Unalia kwa mshahara mbele ya kamera, baba yako ukamnyima?" Tangu hapo ikawa salamu za Krismasi tu, na simu zisizozidi dakika mbili.

Sasa mama alikuwa amemshika mkono, na hakuuachia hadi taa zikawaka.

*

Kwenye ukumbi wa mapokezi waliandaa kahawa na vile vipai vya kwao vya unga mweusi vilivyojazwa uji wa mchele, juu yake mayai yaliyopondwa na siagi. Watu wa mji wakapanga foleni kumpongeza binti yao. Mwalimu wake wa zamani akamwambia, "Lile chozi, Pihla! Nimekufa mimi." Mzee mmoja wa posta akamwambia, "Mimi silii, lakini pale ulinishinda." Hakuna aliyetaja wembe. Hakuna aliyetaja mikono yake, wala namna alivyovuta ngozi ya shingo kwa kidole kimoja kama alivyofundishwa na kinyozi halisi kwa wiki mbili. Wote walikuwa na chozi tu.

Irja alisimama katikati yao ameng'ara. Kisha akafanya jambo ambalo Pihla hakuliamini kwa macho yake. Alimwendea Jarkko, akamvuta kwa kola ya koti, akambusu mashavu yote mawili.

"Mkwe wangu," alisema.

Jarkko akawa mwekundu hadi masikioni.

"Nilikusema vibaya wewe," Irja aliendelea, na mtu yeyote anayemjua angejua kwamba hana desturi ya kuomba radhi. "Nilimwambia huyu, mtu anayekula kwa kukata na kubandika picha za watu, ataacha kukata na kubandika maneno? Leo nayameza. Umemwonesha mwanangu alivyo. Jumamosi ni kumbukumbu ya marehemu. Mje wote wawili, mlale nyumbani. Chumba nitakipasha moto."

"Asante, Bi Irja," Jarkko alisema kwa sauti ndogo.

"Bi Irja ndiyo nini? Niite mama."

Pihla akaweka kikombe chini. "Mama, nisubiri kidogo," alisema. "Jarkko, njoo nje."

*

Nje kulikuwa na jua lile la Machi ambalo linang'aa lakini halina msaada wowote. Barafu ya uwanja wa magari ilikuwa imeyeyuka juu na kubaki kioo chini. Jarkko alitoka bila kofia, akasimama mikono mfukoni.

Pihla alimtazama, na kwa bahati mbaya bado alikuwa mzuri. Hilo lilimkera. Mtu akikusaliti angalau abadilike sura, ubaki na kazi nyepesi.

Walikutana miaka mitatu nyuma kwenye tamasha la filamu Tampere, nje ya mlango wa ukumbi, wote wawili wametoroka filamu moja katikati.

"Wewe umetoka kwa nini?" Jarkko alimwuliza siku hiyo.

"Giza. Nimekata tiketi ya filamu, nimeoneshwa ndani ya kabati. Wewe je?"

"Kamera. Nilitaka kuuliza mpiga picha alikuwa anakimbizwa na mbwa au vipi."

Wakaenda kunywa bia, na kabla ya bia ya pili kuisha walikuwa wanaandika nyuma ya ratiba ya tamasha orodha ya mambo wanayoyachukia katika filamu za siku hizi. Waigizaji wanaoongea kana kwamba wana kiazi cha moto mdomoni. Kamera inayoruka juu ya msitu bila sababu, kila filamu, kana kwamba wote tumegeuka kunguru. Damu ya kompyuta isiyochafua shati. Muziki unaotangulia kukwambia huzunika, kama shangazi anayekufinya msibani ili ulie. Orodha ile walihamia nayo nyumba moja, wakaibandika kwenye jokofu, ikafika mambo thelathini na moja. La kwanza kabisa, kwa mwandiko wa Jarkko mwenyewe, lilisema: *Chozi la kompyuta. Anayelitia hamheshimu mwigizaji wala marehemu.*

"Ni wewe?" Pihla aliuliza.

Jarkko akapiga teke kipande cha barafu.

"Nakuuliza, Jarkko. Ni wewe, au ni watu wa kampuni walifanya ukiwa umelala?"

"Ni mimi."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu. Pihla, nisikilize kwanza. Tulionesha filamu kwa watu wa majaribio, watu sitini. Arobaini na kitu waliandika kwamba binti hana moyo. Mmoja aliandika 'jiwe'. Sirkku akasema..."

"Usinitajie Sirkku." Sirkku ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa filamu. "Sirkku ni mfanyabiashara, simdai uaminifu. Nakudai wewe."

"Sirkku akasema ama tukio lilie, ama tukio litoke. Tukio zima, Pihla! Dakika nne zako bora. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ya kupiga simu!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifungua gari lake aligeuka, akaona si mambo yake, akaingia ndani haraka.

"Nililiokoa," Jarkko alisema. "Mwongozaji alikubali shingo upande, lakini alikubali. Nimeokoa kazi yako."

"Kazi yangu ilikuwa kutolia! Ndiyo kazi niliyoifanya. Umeifuta, ukaweka maji mahali pake, halafu unataka nikushukuru. Ukaniambia nisitazame mapema. 'Nataka uione pamoja na watu wa kwenu, mpenzi, itakuwa tamu zaidi.' Nikafurahi mimi, mjinga, nikasema ona mwanamume anavyonijali."

"Nilikuwa nakujali."

"Uliogopa."

Jarkko alipangusa uso kwa kiganja. "Niliogopa pia. Kila siku nilitaka kukwambia. Kila siku nikasema kesho."

Pihla alivuta pumzi. Baridi ilimwingia hadi kwenye meno. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimkereketa tangu ukumbini, na sasa likapanda juu.

"Lile chozi halikuchorwa," alisema polepole. "Nimeona machozi mengi ya kuchorwa. Lile lilikuwa na uzito. Umelitoa wapi?"

"Pihla..."

"La nani? La mwanamke gani umenibandika usoni?"

"Ni lako," Jarkko alisema kwa haraka, kana kwamba hilo lingemwokoa. "Naapa ni lako. Sikutaka la mtu mwingine. Nilitafuta lako."

"La lini? Mimi sijawahi kulia mbele ya kamera yako."

Jarkko hakumtazama. "Kiangazi kilichopita. Kwenye kibanda cha ziwani. Siku ile tulipotoka sauna tukaweka ile filamu ya jeshi la majini, wewe ukaanza kuwaigiza wanavyonong'ona. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikuwa najaribu kamera mpya. Chozi lilikuwa la jicho la kulia. Nikaligeuza."

Pihla alifumba macho. Aliiona siku ile. Taulo kichwani, miguu yenye mchanga, mbu, yeye hoi kwa kicheko sakafuni na Jarkko akimwambia nyamaza majirani watasikia, na majirani wenyewe wapo kilomita mbili. Usiku ule ndio alimsimulia kwa mara ya kwanza habari za mazishi. Ndio alimwambia anachokiogopa: kwamba mama yake atakufa bado anamwona kama mtu asiye na moyo.

"Umechukua kicheko changu," alisema, "ukakitia kwenye kifo cha baba."

"Cha baba wa filamu."

"Kwa mama yangu hakuna baba wa filamu! Ulijua atakuja. Ulijua ataona nini."

Jarkko alisita, na kule kusita kidogo Pihla akakuelewa kabla Jarkko hajasema.

"Ulilifanya kwa ajili yake," alisema. "Si Sirkku peke yake."

"Kidogo," Jarkko alikiri. "Nilipokuwa sijui la kufanya, nilisema, mama yake akiona hili yataisha. Na yameisha, Pihla. Umemwona? Ameniita mkwe! Miaka miwili umelia..." Akajikata.

"Malizia."

"Umeumia. Nimekupa mama yako tena. Nifanye nini zaidi? Mwache aamini. Nani ataumia?"

Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ile Pihla aliivaa kila siku kwa miaka mitatu, akaiona laini. Kilichomuuma hakikuwa uongo wenyewe. Mtu mwingine angempa uongo wowote. Huyu alikwenda kuchukua siri yake iliyomuuma kuliko zote na furaha yake iliyokuwa kubwa kuliko zote, akazishona pamoja, akaona amefanya kazi nzuri. Na alikuwa amefanya kazi nzuri, ndiyo balaa. Mshono hauonekani.

"Itoe," alisema.

"Haiwezekani. Iko kwenye majumba themanini tangu Ijumaa."

"Basi nenda stesheni. Kuna treni ya saa kumi na moja. Panda peke yako."

"Pihla, nakupenda."

"Najua," Pihla alisema, na sauti ikamvunjika kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana sijui nikuweke wapi."

*

Mlango ukafunguka. Irja alitoka na koti lake zuri la sufu, mkononi ameshika boksi la vipai alivyofungiwa.

"Mmekaa kwenye baridi mnagombana nini, siku kama ya leo?" aliuliza. Bado alikuwa anatabasamu. "Jarkko, vaa kofia, masikio yatakatika."

Jarkko alimtazama Pihla. Macho yake yalimwomba waziwazi. Nyamaza, yalisema. Neno moja tu usiliseme, na sote watatu tutakula meza moja Jumamosi.

Ningesema uongo nikisema Pihla hakutamani. Alitamani. Alikiona chumba kilichopashwa moto, na shuka za mama yake zenye harufu ya upepo. Miaka miwili si mchezo.

"Mama," alisema. "Lile chozi si langu."

"Chozi gani?"

"La kwenye filamu. Sikulia. Limewekwa na kompyuta. Jarkko ndiye aliyeliweka, na mimi nimelijua leo, pale pale ulipoliona wewe."

Irja aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Tabasamu lilichukua muda kuondoka, kama mgeni asiyejua kama anafukuzwa.

"Kompyuta," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hukulia."

"Hapana."

"Hata kwa baba wa kuigiza hukulia."

"Hapana, mama."

Irja alimgeukia Jarkko. "Ni kweli?"

"Bi Irja, nilitaka..."

"Sikuuliza ulitaka nini."

"Ni kweli."

Yule mama akavuta kola ya koti lake akaifunga hadi kidevuni. "Mimi nimelia," alisema. "Mle ndani, mbele ya mji mzima, mimi nimelia kwelikweli. Mwanamke wa miaka sabini na moja. Nani atanirudishia hayo?"

Jarkko aliinamisha kichwa.

"Na wewe," Irja alimwambia binti yake, kwa hasira iliyokuwa imekaa muda mrefu mno, "si ungeninyamazia tu? Ungepungukiwa nini? Ningeshinda na furaha yangu ya bandia, nife nayo!"

"Nimechoka kupendwa kwa machozi yasiyo yangu, mama."

"Basi niambie, kwa mdomo wako. Sijawahi kukuuliza, nakuuliza leo. Siku ile pale kaburini, mimi naimba hadi koo linatoka damu, baba yako anateremshwa, wewe ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unafikiria nini, mtu wa macho makavu?"

Pihla alitazama mikono yake.

"Nilikuwa nimekushika," alisema. "Ulikuwa umefumba macho, unayumba. Mbao za ukingoni zilikuwa na barafu. Nilikushika kiwiko kwa mikono miwili, nikakita kisigino kwenye theluji. Nilijua nikilia nitalegea. Nikilegea utaingia kaburini naye."

Upepo ulipita mtoni ukarusha unga wa theluji kutoka kwenye paa la sinema.

"Kiwiko hiki?" aliuliza mwishowe, akiugusa mkono wa kushoto.

"Hicho."

"Kilikaa na alama wiki nzima." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Niliona vidole vinne. Nilidhani ni shemasi aliyenishika; miaka yote hii nimemwombea yeye kwa ajili ya vile vidole."

Akabaki anautazama mkono wake mwenyewe. Pihla hakumsogelea, maana hakujua kama anaruhusiwa. Kisha Irja alimkabidhi Jarkko lile boksi la vipai, bila ukali, bila kumwangalia.

"Safari ni ndefu hadi Helsinki," alisema. "Utakula njiani." Akamnyooshea binti yake kiwiko. "Nishike basi. Huoni kumejaa barafu?"

Pihla akamshika kwa mikono miwili. Wakaanza kuvuka uwanja wa magari, hatua fupi fupi, mama akilalamika juu ya manispaa isiyomwaga changarawe.

"Pihla!" Jarkko aliita nyuma yao. "Pihla, niambie nikifika nikupigie!"

Hakujibu. Hakugeuka pia, na hilo ndilo lililomtoa jasho mchana ule, kuliko lile chozi na kuliko mama yake, kwa sababu kila hatua alitaka kugeuka.